Mkimbiaji na Anayemngoja Njiani

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo zamani lilikuwa la wanariadha peke yao, lakini sasa limeingia ndani ya nyumba zetu.

Ukiamka alfajiri siku ya Jumamosi au Jumapili, ukasimama kando ya barabara kule Mbagala, Temeke, Mwenge au Kimara, utawasikia kabla hujawaona. Ni vikundi vya jogging, wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba na kupiga makofi. Wamo vijana, wamo watu wazima, na akina mama nao hawakosi. Sisi wauguzi, tunaokutana kila siku na wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari, tunalifurahia jambo hili.

Hata hivyo, mbio zina tabia ya kumvuta mtu mbele. Aliyeanza na kilomita 5 mwaka huu, mwakani utamkuta Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, mashindano yaliyoanza mwaka 2003. Atamaliza kilomita 21, kisha atataka 42. Na wako ambao hata 42 haziwatoshi. Mama anaandaa chakula cha jioni, mara baba anasema, "Mama Neema, mwakani nataka nikimbie kilomita 100." Mama wa watu anabaki na mwiko mkononi. Ajibu nini? Na akikubali, kazi yake yeye itakuwa ipi? Hebu tuyatazame hayo pamoja.

Ni mbio za namna gani?

Mbio zozote zinazozidi urefu wa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, huitwa ultramarathoni. Ya zamani inayojulikana sana barani kwetu ni Comrades ya Afrika Kusini, ya kilomita karibu 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ilianza tarehe 24 Mei 1921, wakaanza watu 34, wakamaliza 16. Aliyeianzisha ni Vic Clapham, askari wa zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitembea kwa miguu kilomita zipatazo 2,700 humu humu katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na mbio hizo alizianzisha kuwakumbuka wenzake waliokufa. Kwa hiyo, wengi hawajui, lakini mateso yaliyozaa mbio hizo yalipatikana katika ardhi yetu.

Comrades ni ya barabara ya lami. Zipo nyingine zinazopita porini na milimani, katika vijia vya mawe, mizizi na matope. Moja ni Western States ya California, Marekani, yenye kilomita 161. Hesabu kama mtu anayetoka Dar es Salaam, akaipita Chalinze, akaendelea kuelekea Morogoro, ila kwake njia ni ya milima na mabonde yenye joto kali. Ilitokana na mbio za farasi. Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh aliamua kwenda kwa miguu yake mwenyewe pamoja na farasi hao, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Leo wakimbiaji huanza saa 11 alfajiri siku ya Jumamosi, na mwisho wa kupokewa ni saa 5 asubuhi siku ya Jumapili, yaani saa 30.

Huku kwetu yuko Simon Mtuy, mwenyeji wa Mbahe, Marangu, ambaye amewahi kukimbia Western States. Mwaka 2004 alipanda Kilimanjaro mpaka kileleni, mita 5,895, na kurudi chini kwa saa 8 na dakika 27. Mwaka 2006 akarudia akiwa amebeba mwenyewe chakula, maji na nguo zake, akatumia saa 9 na dakika kama 20. Wapandaji wa kawaida hutumia siku tano mpaka nane. Mtuy alikulia mlimani na kufanya kazi mlimani kwa miaka mingi, kwa hiyo mtu wa pwani asidhani anaweza kumwiga kwa likizo ya wiki moja. Maradhi ya mwinuko huua, hata wenye misuli.

Hakimbii peke yake

Ukimwona mkimbiaji wa mbio hizi kwenye picha yuko peke yake msituni, usidanganyike. Nyuma yake wapo watu. Katika Western States vipo vituo vya huduma njiani, vyenye maji, supu, viazi vyenye chumvi, matikiti na waganga. Tena kila mkimbiaji anaruhusiwa kuwa na wahudumu wake wanaomfuata kwa gari kutoka kituo hadi kituo, nao mara nyingi ni mke, mume, ndugu au rafiki. Na katika sehemu ya mwisho, baada ya kilomita kama 100, anaruhusiwa kuwa na mwenzi wa kukimbia naye, ili asipotee njia usiku na apate mtu wa kuzungumza naye.

Huyu anayemfuata mkimbiaji ndiye hasa tunayetaka kumwandikia leo, maana ndiye wewe, mama. Yeye hulala ndani ya gari, hubeba soksi kavu, hukaa na thermosi ya supu, hungoja saa sita amwone mtu wake kwa dakika tano. Hapati medali. Lakini tunasema bila kusita kwamba usalama wa mkimbiaji uko mikononi mwake kuliko mikononi mwa daktari wa mashindano, kwa sababu daktari hamjui mtu huyo akiwa mzima anakuwaje. Wewe unamjua.

Kazi hiyo ina mipaka. Mwaka 2006 kijana Brian Morrison aliingia katika uwanja wa kumalizia Western States akiwa wa kwanza, zimebaki mita kama 300 tu. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Wenzake waliokuwa wakimsindikiza, kwa huruma, wakamshika na kumsaidia mpaka akavuka mstari. Alipelekwa hospitali, na ushindi wake ukafutwa, kwa kuwa kanuni haziruhusu mtu kubebwa. Tusiwalaumu wenzake, nani angemwacha mwenzake chini? Lakini jifunze hapa kwamba wakati wa kumsaidia mkimbiaji ni saa nyingi kabla hajaanguka.

Mambo manne ya kuangalia

La kwanza ni maji kupita kiasi. Tumefundishwa toka zamani kwamba anayetoka jasho anyweshwe maji, anyweshwe tena. Ni kweli, mtu akikaukiwa maji huumia. Lakini anayekimbia saa nyingi akinywa maji matupu kupita kiu yake, chumvi iliyo katika damu huzimuliwa, ubongo huvimba, na anaweza kufa. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston mwaka 2002, wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango. Na hiyo ilikuwa marathoni ya saa chache tu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, vidole kuvimba mpaka pete inabana, kisha kuchanganyikiwa na degedege. Ukiona hivyo, usimwongezee maji matupu. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe supu yenye chumvi nyingi, na awahishwe hospitali. Kwa miaka mingi Western States waliwapima wakimbiaji uzito njiani: aliyepungua sana alizuiwa apumzike, na aliyeongezeka naye alitiliwa shaka. Kanuni rahisi ni hii: anywe anapoona kiu, na ale kitu chenye chumvi.

La pili ni joto. Hapa Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili hushindwa kupoa. Mtu akiwa wa moto, anapepesuka, anajibu ovyo au anagombana bila sababu, hilo ni joto limepanda kichwani. Mwekeni kivulini, mvueni fulana, mmwagieni maji mwili mzima, mumpepee, na kama kuna barafu muweke kwapani na shingoni. Mpoozeni kwanza hapo hapo, huku gari likitafutwa. Anayekimbizwa hospitali bila kupoozwa anaendelea kuungua njiani.

La tatu ni misuli na figo. Misuli ikisagika kwa saa nyingi hutoa taka ndani ya damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo huo. Muulize waziwazi, wala usione haya: mara ya mwisho umekojoa lini, na mkojo ulikuwa wa rangi gani? Mkojo wa rangi ya chai nzito au Coca-Cola, au kutokojoa saa nyingi, ni amri ya kusimama na kwenda hospitali. Aidha, mnyang'anye dawa za maumivu kama diklofenaki na brufen, ambazo wengi humeza kabla ya mbio kama peremende. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi wa wakimbiaji 89 wa mbio za jangwani, uliofanywa katika siku ya kilomita 80. Waliopewa dawa ya kundi hilo, asilimia 52 waliumia figo; waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 34. Ona kwamba hata wasiomeza kitu walikuwa na mzigo wa kutosha. Kwa nini tuongeze?

La nne ni hali aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuanza. Mwenye homa asikimbie, hata kama ameshalipia namba. Malaria na mbio haviendi pamoja. Mwenye ugonjwa wa selimundu mbio hizi si zake. Na hata yule asiyeumwa ila amebeba selimundu upande mmoja, kutoka kwa mzazi mmoja, yuko katika hatari zaidi ya kuharibika misuli akijilazimisha kupita nguvu zake kwenye joto. Kwa hiyo mtu apime kwanza. Apimwe na presha na sukari, tena moyo usikilizwe, hasa aliyefikisha miaka 40 na ambaye mbio zake za mwisho zilikuwa za shule.

Kuvumilia na kujiua si kitu kimoja

Hapa mtatuuliza: Je, Watanzania si ndio tunaojivunia John Stephen Akhwari? Ndiyo, tunajivunia. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Wakimbiaji 75 walianza marathoni ile, 18 wakaishia njiani. Akhwari alifika wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Watu waliobaki uwanjani walimshangilia kama vile yeye ndiye mshindi.

Sisi tunamheshimu sana. Lakini tunaona vijana wetu wakilitumia jina lake vibaya, kana kwamba kuacha mbio ni uoga siku zote. Akhwari aliumia goti, na akili yake ilikuwa timamu. Alijua alipo na anachokifanya. Goti linaweza kuuma, malengelenge yanaweza kupasuka, kucha inaweza kung'oka, na mtu akafika salama akapona. Hayo ni maumivu ya kuvumilia. Akili ikianza kuondoka, habari ni nyingine kabisa, maana mwili umeanza kushindwa na mwenyewe hawezi kujua. Ukimuuliza, "Uko sawa?" atakujibu "Niko sawa," na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojiona yeye.

Kwa hiyo usimuulize kama yuko sawa. Muulize jina la mtoto wenu wa mwisho. Muulize leo ni siku gani, na kituo kilichopita amekula nini. Mtazame macho. Mwambie asimame mguu mmoja. Akishindwa, mbio zimekwisha, hata kama zimebaki kilomita mbili na mama mkwe amekuja kutazama.

Jambo hili lisisubiri siku ya mbio. Kaeni chini wiki moja kabla, mkiwa mmetulia, mkubaliane hivi: "Nikiona dalili hizi, mimi ndiye nitakayesema basi, na wewe hutabisha." Akikataa kukupa mamlaka hayo, mwambie atafute mtu mwingine wa kumfuata. Wala usione ni ukali. Unalinda baba wa watoto wako.

Na mama akikimbia?

Mpaka sasa tumezungumza kama vile mkimbiaji ni baba na anayengoja ni mama. Lakini katika mbio ndefu za namna hii akina mama wana nafasi yao. Huko Western States, Ann Trason aliwashinda wanawake wenzake mara 14, na mwaka 1994 alimaliza wa pili kati ya watu wote, wanaume kwa wanawake. Mwaka 2018 Sophie Power wa Uingereza alikimbia UTMB, mbio za kilomita kama 171 kuuzunguka mlima Mont Blanc, akiwa na mtoto wa miezi mitatu. Picha yake akiwa kituoni, mtoto mmoja yuko kifuani ananyonya na mashine inakamua titi la pili, ilizunguka dunia nzima. Mbio hizo hazikuwa zimemruhusu kuahirisha nafasi yake kwa sababu ya ujauzito. Baada ya hapo baadhi ya mashindano makubwa yamebadili utaratibu.

Mwaka 2019 Jasmin Paris, daktari wa mifugo wa Uingereza, alikimbia kilomita 431 wakati wa baridi kali kutoka Uingereza mpaka Scotland. Alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi 14, akawa anakamua maziwa vituoni. Alimaliza kwa saa 83 na dakika 12, akawashinda wote, wanaume wakiwemo. Mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mbio za Barkley za Marekani, zenye kikomo cha saa 60. Alifika zikiwa zimebaki sekunde 99.

Hatuwaambii mkimbie saa 83. Tunachotaka mwone ni kwamba mtoto mchanga hajishiki mwenyewe. Kila mama aliyefika mbali hivyo alikuwa na mtu wa kumpokea mtoto, kumletea chakula na kumwambia ukweli. Sasa tuwaulize akina baba wanaosoma ukurasa huu kwa kuvizia: mama Neema akiamka saa 11 akaenda kukimbia na wenzake, nani anawasha jiko? Nani anamfunga mtoto viatu? Kama yeye alikungoja njiani saa 20, wewe unaweza kumngoja nyumbani saa moja.

Kwa mama aliyejifungua, asianze kukimbia kabla ya wiki 12 hivi, na aliyepasuliwa amwone kwanza mkunga au daktari. Atembee kwanza. Akiona mkojo unamtoka anapokimbia au kukohoa, au anahisi uzito kama kitu kinashuka chini, asivumilie kimya kwa kudhani ndivyo uzazi ulivyo. Hali hiyo inatibika, aende kliniki.

Kwa anayetaka kuanza

Asianze na kilomita 100. Aanze na dakika 20 za kutembea na kukimbia kwa zamu, mara tatu kwa wiki, na aongeze kidogo kidogo kwa miezi, si kwa siku. Akishazoea kilomita 10 za barabarani ndipo ajaribu njia za vilima, kwa mfano kule Pugu na Kisarawe, akiwa na wenzake, kwa kufuata taratibu za hifadhi ya msitu na si peke yake alfajiri. Soksi ziwe kavu, mapajani apake mafuta ya mgando, mfukoni awe na ndizi au tende na karanga zenye chumvi. Na siku moja ya wiki ibaki ya familia, bila viatu vya mbio. Tumeona nyumba ambamo Jumamosi na Jumapili zote zimeliwa na mazoezi, mpaka watoto wanamjua baba kwa fulana yake tu. Hilo nalo ni gonjwa, na dawa yake ni kuzungumza mapema.

Kwa hiyo, mama, ukiulizwa mezani kuhusu kilomita 100, usikimbilie kusema hapana, wala usiseme ndiyo kwa kumfurahisha. Mwambie akapime kwanza. Mwambie akuonyeshe ratiba yake ya mazoezi, na siku ya familia iwe imeandikwa humo. Kisha mwambie kwamba utamfuata, na kwamba siku hiyo neno la mwisho juu ya kuendelea au kusimama litakuwa lako. Akikubali hayo matatu, chemsha supu, tia chumvi, mwende.